Sensa, mtendaji na kabichi za baba mdogo

Najua nimepotea. Wengine mmenitumia meseji kuuliza kama nimedisko. Hapana jamani, bado nipo, Mungu anasaidia. Nilibanwa na projekti ya mwaka wa mwisho, na pia kuna mambo yalitokea nyumbani Ufipa ambayo sikuwa tayari kuyaandika. Leo rumimeti wangu amelala mapema, kesho sina kipindi cha asubuhi, basi ngoja niyatoe.

Kwa wageni wa kibaraza hiki: mimi ni mtu wa Rukwa. Ndiyo, Sumbawanga. Ndiyo, jina linamaanisha "tupa uchawi". Na hapana, sikuja chuoni Mbeya kwa ungo, nilikuja na basi kupitia Laela na Tunduma, nikabanwa siti ya nyuma kama binadamu wengine. Utani huo nimeusikia tangu wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, mwenye mpya alete.

Baba mdogo wangu analima karibu na Mpui, huko juu kwenye uwanda, ambako Julai usiku ukitoka nje bila koti unajuta. Wakati wa mvua analima mahindi na maharage kama kila mtu, na ulezi kidogo. Kiangazi ana bustani ya kabichi bondeni, na hiyo ndiyo benki yake. Kabichi za Oktoba ndizo zinanunua mbolea ya mahindi kabla mvua za Novemba hazijashika. Hiyo habari ya mbolea ishikeni, itarudi.

Mwaka jana Julai nilikwenda kwake na begi limejaa vidude. Nikamsalimia, tukakaa, nikajieleza.

"Baba, nataka nikuwekee sensa shambani."

Akaniangalia. "Sensa si tulihesabiwa 2022? Au sasa wanahesabu na kabichi?"

Ikabidi nianze upya. Kwamba hii sensa ni kidude cha kupima, tuite kihisi. Unakichomeka ardhini, kinapima unyevu wa udongo, kinatuma taarifa kwa redio, hakuna waya. Halafu kuna kidude kingine chenye nguvu zaidi ambacho hakiishii kupima, kinafanya kazi: kinafungua maji, kinafunga maji. Kitaalamu huyu anaitwa mtendaji.

"Kwa hiyo sensa inapeleka taarifa kwa mtendaji."

"Ndiyo baba."

"Mtendaji wa kijiji?"

"Hapana baba, huyu ni koki."

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini alikubali. Akasema kama mwanangu unasomea hicho, bustani ni yako, fanya. Miche kama elfu moja ilikuwa imehamishiwa kwenye matuta siku chache tu zilizopita.

Mpango ulikuwa hivi. Vihisi sita kwenye matuta. Juu ya bustani kuna simtanki lililoinuliwa kwenye mawe, maji yanashuka yenyewe kwenye mipira ya matone, na chini ya tanki kuna koki ya mota inayoendeshwa na betri ya pikipiki na kipande cha sola. Huyo ndiye mtendaji wetu. Kutoka kihisi cha karibu mpaka koki ni kama mita 15. Nyumba iko juu ya mteremko, kama mita 240 kutoka bustanini. Nyumbani niliweka kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na modemu ya simu, ili data zinifikie Mbeya. Kati ya bustani na nyumba nikapanga wapokezi watatu: mmoja kwenye nguzo ya uzio, mmoja juu ya kichuguu, mmoja kwenye mkaratusi. Kihisi kinamwambia wa uzio, wa uzio anamwambia wa kichuguu, wa kichuguu anamwambia wa mkaratusi, wa mkaratusi anaiambia nyumba. Nyumba inaamua. Amri inarudi njia ileile mpaka kwenye koki.

Hapa niwape darasa kidogo, watu wa sosholojia vumilieni.

Kwenye mitandao hii betri ndiyo roho, na redio ndiyo mlafi. Pottie na Kaiser walipiga hesabu mwaka 2000: nguvu ya kurusha kilobiti moja umbali wa mita 100 inatosha prosesa kufanya maelekezo kama milioni 3. Yaani kufikiri ni bure, kusema ndiko kunakokula. Na umbali unaumiza vibaya. Ukiuzidisha mara mbili, nguvu ya kusukuma mawimbi inapanda mara nne, na karibu na ardhi penye majani na matuta inaweza kuwa mbaya zaidi. Ni kama kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde: unapasuka koo. Bora umwambie wa karibu, naye amwambie wa mbele yake.

Lakini kupokezana nako si bure, kwa sababu anayepokea naye anakula betri. Makala maarufu ya LEACH, ya Heinzelman na wenzake wa MIT, mwaka 2000, ina hesabu rahisi ambayo kila mtu wa fani hii ameidesa: nanojuli 50 kwa kila biti kuendesha redio, uwe unatuma au unapokea, ukiongeza pikojuli 100 kwa kila biti kwa kila mita ya mraba wa umbali. Nilikaa na kikokotoo. Mita 100 kwa mruko mmoja ni nanojuli 1,050 kwa kila biti. Miruko 2 ni 650. Miruko 3 ni kama 583. Miruko 4 ni 600, imeanza kupanda tena. Miruko 5 ni 650. Na ukiwa na kimbelembele ukaweka miruko 10 ya mita kumi kumi, unarudi 1,050 ileile, sawasawa na yule aliyepiga kelele moja tu. Hii hesabu niliipenda kupita kiasi. Niliichora kwenye daftari, nikaichora kwenye ukuta wa hosteli (samahani mlezi wa hosteli). Kwa mita 240 karatasi ilitaka miruko saba au minane, mfuko wangu ukataka minne, mfuko ukashinda.

Nilichokuwa sijaona ni kwamba karatasi ile inahesabu kutuma na kupokea tu. Haihesabu kusubiri.

Tulifunga kila kitu kwa siku mbili. Kila nodi ina kitaa chekundu kidogo cha kuonyesha iko hai, na usiku wa kwanza vitaa tisa vikawa vinawaka kule bondeni. Asubuhi jirani akaja, kwa upole kabisa, kuuliza kama kuna tatizo lolote la kifamilia. Vitaa vyekundu, bondeni, usiku, Sumbawanga... si mnaelewa wenyewe. Baba mdogo akachukua utepe mweusi akavifunika vyote. Chini ya utepe viliendelea kuwaka. Hilo nalo likumbukeni.

Siku ya tatu koki ikajifungua yenyewe saa moja asubuhi, maji yakatembea, ikajifunga. Baba mdogo alisimama pale mikono nyuma akitazama kama mtu anayeangalia treni. Nikamwambia, baba sasa pumzika, usimwagilie kwa ndoo tena, mashine itafanya. Nikapanda basi kurudi Mbeya kwenye mafunzo kwa vitendo.

Siku za kwanza grafu ilikuwa tamu. Inashuka, koki inafunguka, inapanda. Inashuka, inapanda. Niliwaonyesha washkaji wote kwenye simu, hata wasiotaka. Siku ya tano ikatulia kwenye asilimia 31. Siku ya sita 31. Siku ya saba 31. Nikasema mambo si ndiyo haya! Udongo umeshiba, mfumo umetulia, koki haina haja hata ya kufunguka. Nikamwambia rumimeti: unaona mstari huo ulivyonyooka? Hiyo ndiyo injinia.

Siku ya tisa baba mdogo akapiga simu.

"Mwanangu, hizi kabichi zinalala."

"Shikamoo baba. Ni jua la mchana hilo, jioni zitaamka."

"Zimelala na asubuhi."

"Grafu inaonyesha unyevu uko vizuri baba. Asilimia 31."

"Mimi nimeshika udongo kwa mkono. Niwape ndoo mbili tatu?"

Wadau, hapa ndipo ilinichukua miezi kuandika. Nilimwambia: "Hapana baba, usimwagilie, utaharibu vipimo. Subiri kidogo."

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Haya. Wewe ndiye umesoma."

Akasubiri. Siku mbili.

Siku ya kumi na moja nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa kwenye faili la data, nikaona tarehe. Kila mstari wa zile siku za asilimia 31 ulikuwa unarudia kipimo kimoja, cha saa tisa alasiri ya siku ya tano. Programu yangu mwenyewe, niliyoiandika saa nane usiku, ilikuwa na tabia hii: kipimo kipya kisipofika, chora cha zamani. Niliiweka ili grafu isiwe na matundu, ipendeze kwenye prezentesheni. Tangu siku ya tano hakuna kilichofika. Na amri ya mwisho iliyoifikia koki ilikuwa "funga".

Sikumpigia simu. Nilishindwa. Nilikopa nauli nikapanda basi la alfajiri.

Nilifika jioni. Ile miche iliyokuwa elfu moja, tuliyohesabu imesimama haikufika 300. Mingine ilikuwa imelala juu ya tuta kama karatasi iliyonyeshewa ikakauka. Baba mdogo hakusema kitu. Alikuwa ameshaanza kumwagilia kwa ndoo asubuhi ile, bila kuniuliza, na alifanya vizuri.

Nikachukua mita nikaanza kupima betri. Vihisi sita: betri karibu mpya kabisa, kama nimetoka dukani. Wapokezi watatu: wamekufa wote. Yaani nguvu ilikuwepo bustanini, tele, ila ilikaa kwa watu ambao hawakuwa na kazi nayo, na waliobeba kazi ya wote wakaishiwa. Hesabu yake ni ya darasa la tano, ndiyo inauma. Kihisi kinalala, kinaamka kila nusu saa, kinapima, kinasema, kinalala tena. Mpokezi hajui atasemeshwa lini, kwa hiyo anakaa macho saa 24. Redio ile inayosikiliza tu, bila kupokea hata neno, inakula kama miliampia 13, kiasi kilekile cha inayotuma. Weka mikrokontrola, weka kile kitaa chini ya utepe, unafika 20. Betri zangu zilikuwa za miliampia-saa 2,000. Elfu mbili gawanya kwa ishirini: saa 100. Siku nne na saa nne. Wala sikuwa na haja ya kwenda Mpui kugundua hilo. Majaribio ya kwenye korido ya hosteli niliyafanya siku mbili tu, yakapita, nikapiga picha.

Kinachochekesha, kama kuna cha kuchekesha, wazee wetu hukohuko Ufipa walikuwa na matanuru ya chuma, malungu, marefu ya udongo, yanayovuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini, bila mtu kukaa anavuta mivukuto usiku kucha. Mivukuto ilingoja hatua ya pili kwenye tanuru dogo. Wao walijua usimkeshe mtu kwenye kazi isiyohitaji mtu. Mjukuu wao na digrii yake inayokuja alikesha wapokezi watatu juu ya kichuguu.

Usiku tukala ugali na migebuka. Baada ya kunawa baba mdogo akaniuliza, taratibu, si kwa ukali:

"Hivi hii sensa iko wapi?"

"Bustanini baba."

"Na mtendaji?"

"Bustanini."

"Kutoka hapa mpaka hapa ni hatua ngapi?"

"Kama ishirini."

"Sasa kwa nini taarifa inapanda mlima kuja kulala nyumbani, halafu ndiyo ishuke kwa mtendaji?"

Nikajibu ukweli. "Ili mimi niione, baba."

"Kumbe," akasema. Akaenda kufunga mlango.

Sikulala. Kwa sababu jibu la swali lake limo kwenye makala ambayo mimi nimeinukuu ukurasa wa pili wa propozo yangu! Akyildiz na Kasimoglu, 2004, makala iliyoweka misingi ya mitandao hii ya vihisi na watendaji. Wanasema wazi kuna njia mbili. Moja, vihisi vipeleke kila kitu kituoni, kituo kiamue, kiwatume watendaji. Mbili, vihisi viseme moja kwa moja na watendaji walio karibu, na watendaji waelewane wenyewe. Na wanasema ile ya kwanza inawachosha walio jirani na kituo kwa sababu mizigo ya wote inapitia kwao, na inachelewesha. Nilisoma. Nikapigia mstari kwa kalamu ya njano. Halafu nikachagua ya kwanza, kwa sababu ya pili haina grafu nzuri ya kuwaonyesha wakufunzi. Ujumbe wangu ulikuwa unapanda mita 240 na kushuka mita 240 ili kuvuka mita 15. Nilihangaika wiki nzima kutafuta ruti ya bei nafuu kwenye safari ambayo haikutakiwa kuwepo.

Na sisi watu wa Rukwa tulitakiwa kulielewa hili mapema. Kwa miaka mingi taa za Sumbawanga mjini ziliwashwa kwa umeme uliotoka Zambia kupitia Mbala, kwa sababu gridi ya taifa ilikuwa mbali kuliko jirani. Hakuna aliyeona ajabu. Jirani yuko hapo, vuta waya.

Niliporudi Mbeya nikamweleza msimamizi wangu kila kitu, hata ile ya "utaharibu vipimo". Nilitegemea aniambie nibadilishe mada. Badala yake akanipa kusoma habari za ZebraNet, mradi wa watu wa Princeton uliofika Laikipia, Kenya, Januari 2004. Waliwavisha pundamilia kola zenye GPS, redio na sola. Hakuna minara, hakuna kituo cha kudumu. Pundamilia wawili wakikaribiana, kola zinapeana data. Mtafiti akipita na gari akamkuta mmoja, anachukua na za wenzake. Data inaweza kuchelewa, haidhuru, mtu wa biolojia anaweza kusubiri. Nikaona tofauti yangu na wao iko hapo. Wao waliuliza kwanza nani anahitaji taarifa hii na anaihitaji lini. Koki inaihitaji sasa hivi. Mimi niliye Mbeya? Jioni inatosha. Hata kesho inatosha. Mimi sina cha kufanya nayo zaidi ya kuitazama.

Najua kuna watu hapa wameshaanza kuandika "si ungetumia LEACH uzungushe zamu". Nilifikiria. LEACH ni nzuri pale ambapo yeyote anaweza kuwa kiongozi wa kundi: leo wewe, kesho yeye, asilimia kama 5 ya nodi kwa zamu, mzigo unagawanyika na hakuna anayekufa peke yake. Lakini inadhani kila nodi ikipewa zamu inaweza kukifikia kituo kwa sauti yake. Mstari wangu mmoja kupanda mlima hauko hivyo. Kichuguu ni kimoja. Hakuna wa kumpokea zamu. Na wale wa "tumia LoRa", nawasikia, redio ya LoRa ingevuka zile mita 240 kwa mruko mmoja, tena kwa raha, na leo kama ningeanza upya pengine ningenunua mbili. Ila ingekuwa njia bora zaidi ya kupeleka ujumbe nyumbani bila sababu, na programu yangu ya kuchora mstari wa uongo ingebaki vilevile.

Agosti nikarudi Mpui wikiendi mbili. Sasa vihisi vinasema na koki moja kwa moja. Sheria ya kumwagilia inakaa kwenye koki yenyewe, ambayo ina betri ya pikipiki na sola, mwenye nguvu ndiye anayekesha kusikiliza. Wapokezi watatu bado wapo, ila wanaamka pamoja mara moja tu kwa siku, saa kumi na mbili jioni, dakika mbili, wanapitisha muhtasari wa siku kwenda nyumbani, wanalala. Hii ya kuamka pamoja ilinitesa kuliko yote, maana saa za ndani za vidude vya bei rahisi hazikubaliani, baada ya siku chache mmoja anaamka wenzake wameshalala, anaongea peke yake. Ilibidi ninunue visaa vidogo vyenye betri yao, kimoja kwa kila mpokezi. Vitaa vyekundu nimevikata kwa koleo. Kwa hesabu ya sasa mpokezi anatumia chini ya miliampia-saa 1 kwa siku kwenye redio, betri itaoza yenyewe kabla haijaisha.

Halafu kuna vitu viwili ambavyo havimo kwenye makala yoyote niliyosoma. Koki isiposikia vihisi kwa saa 24, inarudi kwenye ratiba ya baba mdogo: maji kidogo asubuhi, maji kidogo jioni, kama alivyofanya miaka yote. Na nimeweka mpini. Mpini wa kawaida wa kugeuza kwa mkono. Akigeuza, mashine inatii na haimuulizi mtu. Niliuweka yeye akiwa amesimama pembeni, akaujaribu mara tatu.

Kwenye kitalu alikuwa amebakiza miche ya akiba, akapandikiza, mingine akanunua kwa jirani yuleyule wa vitaa. Lakini ilikuwa imechelewa. Kabichi zilitoka Novemba wakati wenzake wameshauza, bei imeshuka, na mvua hiyo hapo. Mbolea alinunua mifuko miwili badala ya mitano. Bumu lilipoingia nilituma hela ya mfuko mmoja. Hakunirudishia wala hakunishukuru sana, alisema tu "imefika". Kwa hiyo ni mitatu. Mahindi ya mwaka huu niliyaona nilipokwenda mara ya mwisho: upande mmoja wa shamba ni kijani kibichi, upande wa pili njano, na mstari wa kutenganisha unauona kutoka barabarani, umenyooka kweli.

Sasa Ijumaa ijayo ndiyo prezentesheni, mimi ni wa tano kwenye orodha. Grafu yangu ni mbaya. Ina nukta moja kwa siku, na siku ambazo hakuna kilichofika nimeacha wazi, matundu manane kwa jumla, na nimeandika chini yake "hatujui". Msimamizi aliuliza kama nina uhakika nataka kuiacha hivyo, nikasema ndiyo. Mwenye desa la maswali ambayo wakufunzi wanapenda kuuliza anitumie haraka, hasa upande wa gharama.

Baba mdogo ameuliza kama wazazi wanaruhusiwa kuja kusikiliza. Nimemwambia aje, nauli natafuta. Amesema atakuja na kabichi mbili za kuwapa walimu, nimejaribu kumkataza nimeshindwa.

Haya wadau, umeme umekata hapa hosteli na laptopu imebaki asilimia 9. Niishie hapa, nitawaambia ilivyokwenda.